Mashine ya kunyonya hewa kwa samaki wa friza: ipi ya kununua, na mimi nakosea wapi?

#1 Nyavu Mbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Naomba nieleze kwa kirefu kidogo ili anayejua anisaidie.

Mimi huvua siku za mapumziko, na nikibahatika narudi na samaki wengi kuliko tunaoweza kuwala nyumbani kwa wiki. Zamani nilikuwa nawafunga kwenye mifuko ya kawaida ya plastiki na kuwasukumia friza. Baada ya mwezi na nusu minofu inatoka na mabaka meupe, makavu kama chaki. Wale wenye mafuta ndio kabisa, wananuka mafuta yaliyochacha hata uwapike vipi. Nikaambiwa dawa yake ni mashine ya vakyumu, ile inayonyonya hewa yote mfukoni halafu inaziba mdomo kwa moto. Nikanunua moja ndogo ya mezani.

Miezi minne iliyopita nilifunga mifuko kumi na sita kwa siku moja. Juzi nimefungua friza kukagua: saba imelegea, hewa imerudi ndani, na samaki wamebabuka kama zile enzi za mifuko ya kawaida. Tisa iko vizuri, imebana. Mashine ni ileile, roli la mifuko ni lilelile, siku ni ileile.

Inaniuma. Samaki yule nilimtoa majini kwa mkono wangu, halafu anaishia jalalani.

Sasa najiuliza: mashine yangu ni mbovu ninunue nyingine? Na kama ni kununua, niangalie nini, maana kila tangazo linasema yake ndiyo yenye nguvu.

#2 Mama Friza

Pole sana kaka. Kabla hatujaanza kukutajia mashine, naomba unijibu. Hiyo saba iliyolegea ina samaki wazima au minofu? Uliwafunga wakiwa na unyevu wao au walishaganda kwanza? Na ukiinua mshono wa mfuko uliolegea ukautazama kwenye mwanga, unaonaje?

Mashine moja haiharibu saba ikaacha tisa hivihivi tu. Sababu imo kwenye mifuko yenyewe na mifuko unayo. Usiitupe bado.

#3 Nyavu Mbili

Nimeipanga mezani dada. Minne ni changu wazima, nimewapaa magamba na kuwatoa matumbo lakini mapezi nimeyaacha. Mitatu ni minofu ya jodari.

Ile ya changu mshono wake umenyooka safi. Nimeitoa samaki, nikaijaza maji nikaibana: maji yanachuruzika kwa vitundu vidogo kama vya sindano, upande uliokuwa mgongoni. Ile ya jodari haina kitundu hata kimoja, ila mshono una mikunjo, na kuna mahali una ukungu mweupe kama kuna kitu kimenasa katikati. Nakumbuka siku ile maji ya damu yalikuwa yanapanda mpaka mdomoni mwa mfuko na mashine ikaziba hivyohivyo.

Tisa iliyosalimika yote ni minofu ya samaki weupe, niliyoikausha kwa taulo za karatasi kabla ya kuiingiza.

#4 Mama Friza

Basi hapo una makosa mawili tofauti, na hakuna hata moja la mashine.

La kwanza ni miiba. Ukishaondoa hewa mfukoni, hewa ya nje ndiyo inayoukandamiza mfuko kwenye samaki, na hewa ya nje ina nguvu: usawa wa bahari ni kPa 101 (kilopaskali, kipimo cha presha). Plastiki inalazwa juu ya kila mwiba wa pezi kwa nguvu hiyo. Mara nyingi siku ya kufunga hautoboki. Unatoboka baadaye, samaki ameganda, mwiba umekuwa mgumu kama msumari, na kila unapopekua friza mifuko inasuguana. Kwa hiyo chukua mkasi imara, ukate mapezi yote mpaka kwenye nyama: ya mgongoni, ya tumboni, ya ubavuni, na mkia. Kichwa kama hukihitaji kiondoe, maana vifuniko vya matamvua vina ncha kali. Palipobaki na ncha (hata mfupa wa steki), weka karatasi ya kuokea uliyoikunja mara tatu au nne, au kile kipande cha mfuko unachobakiza ukikata roli. Mimi vipande hivyo siviachi, naviweka kwenye kopo kwa kazi hiyo tu.

La pili ni maji. Waya wa moto kwenye mashine kazi yake ni kuyeyusha plastiki ya ndani ya pande mbili zishikane. Pakiwa na tone la maji hapo katikati, moto unakwenda kuchemsha maji badala ya kuyeyusha plastiki. Mvuke unaacha vijia vidogo ndani ya mshono, ndiyo huo ukungu unaouona. Mafuta ya samaki ni mabaya zaidi, kwa sababu hayakauki. Siku ileile mfuko unaonekana umebana vizuri, halafu hewa inarudi taratibu kwa wiki kadhaa.

Dawa yake ni kugandisha kwanza, kufunga baadaye. Tandaza minofu kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, visigusane, weka friza saa mbili mpaka nyama iwe ngumu juu. Vipande vinene viache usiku kucha. Usivisahau siku tatu vikiwa wazi, vitaanza kukauka. Kisha ingiza mfukoni, nyonya, ziba. Maji hayapandi kwa kuwa yameshakuwa barafu, na mnofu laini haupondwi.

Ukilazimika kufunga samaki ambaye hajaganda, mkaushe sana. Kunja mdomo wa mfuko kwa nje kama unavyokunja mkono wa shati, ingiza samaki, kisha ukunjue, ili pale pa mshono pasiguswe na utelezi. Weka ukanda wa taulo ya karatasi uliokunjwa kati ya samaki na mdomo, upokee maji yanayopanda. Acha nafasi ya sentimita 8 kati ya samaki na mshono. Watu wanabana hapo kuokoa plastiki, wanapoteza samaki.

#5 fundi_pampu

Mama Friza amemaliza upande wa samaki. Niongeze upande wa mashine, kwa sababu hizi nimezifungua na kuzitengeneza nyingi.

Nyavu Mbili, mashine yako usiibadilishe kwa sasa. Lakini kwa wanaokuja kusoma uzi huu wakitaka kununua, tazama kwanza upana wa mshono. Mshono wa mm 5, au mishono miwili sambamba, unasamehe unyevu kidogo. Wa mm 2 hausamehi. Jambo la pili ni kitufe cha kuziba peke yake, kinachokuruhusu kusimamisha unyonyaji ukiona maji yanapanda, ukaziba hapohapo. Kwa samaki kitufe hicho ni lazima. Tatu, kidaka maji kinachotoka nje ukakiosha, maana maji ya samaki yakikaa ndani yananuka na yakifika kwenye pampu yanaila. Nne, mpira au sponji ya mfuniko uwe unatoka na vipuri vyake vinapatikana. Hiyo ndiyo sehemu inayochoka kabla ya nyingine zote.

Namba za nguvu ya kunyonya zisikutie wazimu. Nyingi za nyumbani huandikwa kati ya kPa 60 na 80. Tofauti ya 70 na 80 haijawahi kumwokoa samaki mwenye mshono mbovu. Cha kuuliza ni muda wa kupumzika kati ya mfuko na mfuko. Waya ukipata moto kupita kiasi unakata plastiki badala ya kuiziba. Ukifunga mifuko kumi na sita mfululizo bila kuipumzisha, ile ya mwisho mishono yake siiamini. Ipe mashine dakika moja kila baada ya mfuko, na uinue mfuniko wakati huo.

Mifuko sasa. Mfuko halali una tabaka mbili: nailoni kwa nje, inayozuia oksijeni, na polithini kwa ndani, inayoyeyuka na kushikana. Mfuko wa polithini tupu hata ukiuziba vizuri kabisa, oksijeni inapenya kwenye plastiki yenyewe kidogo kidogo. Samaki mwenye mafuta atachacha mfuko ukiwa haujatoboka popote. Kwa samaki tafuta unene wa mikroni 90 kwenda juu. Na kwa mashine za mezani lazima mfuko uwe na michoro ya vijimfereji upande mmoja, ndiyo njia ya hewa kutoka. Mfuko laini pande zote unajibana mdomoni kabla hewa ya ndani haijatoka.

#6 Chemba Tu

Mnamzungusha tu jamani. Mtu anayevua kila mara anunue mashine ya chemba amalize. Mimi nilihangaika na ya mezani miaka miwili na sitarudi.

Kwenye chemba mfuko mzima unalala ndani ya sanduku na mfuniko unafunga. Hewa inatolewa kwenye sanduku lote, ndani na nje ya mfuko kwa pamoja, kwa hiyo hakuna kinachoyavuta maji kwenda mdomoni. Unafunga samaki na mchuzi wake, haimwagiki. Mifuko ni ile laini isiyo na michoro, ambayo ni rahisi kupatikana kwa wingi. Hewa inayobaki ni chini ya asilimia moja kwa mashine nzuri.

#7 fundi_pampu

Sibishi, kwa ubora chemba iko juu. Ila tuseme yote. Nyingi zina uzito unaozidi kilo 20, zinataka meza yake, na zenye pampu ya mafuta zinataka kubadilishiwa mafuta. Na bado kuna jambo moja linawaponza wengi: presha ikishuka sana, maji yanachemka bila moto. Maji ya nyuzi 20 yanachemka presha ikifika kPa 2.3. Samaki mwenye joto la chumba ataanza kutoa mapovu ndani ya chemba, mvuke unaingia kwenye pampu na unyonyaji unakuwa hafifu. Lazima awe baridi sana. Kwa hiyo hata mwenye chemba hajakwepa kazi ya kupoza samaki.

Anayefunga mifuko kumi kwa mwezi, ya mezani yenye mshono mpana inamtosha.

#8 Chemba Tu

Kwa kumi kwa mwezi, sawa. Kwa kumi na sita kwa siku moja bado nashikilia chemba.

#9 Mwana wa Maabara

Naomba nafasi, na naomba kila anayesoma asiruke hapa. Nafanya kazi ya kupima vyakula na jambo hili naliona watu wanalichukulia kirahisi.

Kuondoa hewa HAKUHIFADHI samaki. Baridi ya friza ndiyo inayohifadhi. Kutoa hewa kunazuia kukauka na kunazuia mafuta kuchacha, basi. Na kuna bakteria ambaye kukosekana kwa oksijeni ndiyo raha yake: Clostridium botulinum. Aina yake iitwayo E hupatikana majini, kwenye tope na kwenye samaki, na inaweza kukua kuanzia nyuzi 3.3. Friji nyingi za nyumbani ziko nyuzi 4 au 5. Sumu yake inapooza misuli mpaka ya kupumulia.

Linaloniogopesha zaidi ni harufu. Sehemu kubwa ya bakteria wanaomfanya samaki anuke na kukuonya wanahitaji hewa. Ukiwanyima hewa, samaki anaweza kuwa na sumu na pua yako isikwambie kitu. Mwaka 1963 huko Marekani samaki wa moshi wa Maziwa Makuu ya kaskazini, waliofungwa kwenye mifuko isiyo na hewa na kusafirishwa bila baridi ya kutosha, waliua watu kwa sumu hii. Kufungia friza hakuwaui mbegu za bakteria huyo. Kunawasimamisha tu mpaka samaki atakapoyeyuka.

Kwa hiyo: mfuko wa samaki usio na hewa ni wa friza, nyuzi −18 au chini yake. Siku ya kuyeyusha, UKATE MFUKO KWANZA, ukiwa bado barafu, ndipo umweke kwenye bakuli ndani ya friji. Kuukata tu kunatosha kuingiza hewa, ila kumtoa kabisa ni bora. Ukiwa na haraka, mhamishie kwenye mfuko wa kawaida, tumbukiza kwenye maji baridi, badilisha maji kila nusu saa, na umpike mara akiyeyuka. Usimwache mezani na mfuko wake umefungwa eti atayeyuka mpaka jioni.

#10 Kapu Jepesi

Mwana wa Maabara umenishtua. Mimi nafunga samaki wabichi kwa mashine na kuwaweka friji ya kawaida siku tano sita, nikijua wanadumu zaidi. Watoto wamekula. Hajaumwa mtu.

#11 Mwana wa Maabara

Nashukuru hakuna aliyeumwa, na naomba uache leo. Hatari hii haijionyeshi kila mara, na ikijionyesha siku moja inatosha. Samaki mbichi wa kula ndani ya siku moja au mbili mweke friji kwenye chombo cha kawaida juu ya barafu, bila kumnyonya hewa. Anayezidi hapo, friza. Hata samaki wa moshi na wa chumvi kidogo, ukimfunga bila hewa, makao yake ni friza.

#12 Nyavu Mbili

Hili la kukata mfuko kabla ya kuyeyusha sikulijua kabisa. Kijitabu cha mashine yangu kina kurasa nyingi za mapishi ila hilo sikuliona.

Na umeme ukikatika je? Friza yangu ya sanduku.

#13 Mwana wa Maabara

Usiifungue. Iliyojaa hukaa na baridi kama saa 48, iliyo nusu saa 24. Umeme ukirudi, mifuko ambayo bado ina barafu ndani, samaki mgumu, irudishe igande. Uliyoukuta umelegea, umeyeyuka wote, na hujui kwa muda gani, utupe bila kuuonja. Chupa ya maji iliyoganda yenye sarafu juu ya barafu inasaidia ukiwa safarini: ukikuta sarafu imezama katikati, friza iliyeyuka ukiwa hupo.

#14 Mzee wa Chambo

Kijana, mimi nina swali moja ambalo hawa hawajakuuliza. Samaki wako akitoka majini, anakaa wapi mpaka ufike nyumbani?

#15 Nyavu Mbili

Kwenye ndoo mzee wangu, nafunika na gunia lililolowa. Saa tatu hivi, siku nyingine nne. Nikifika ndipo nawatengeneza.

#16 Mzee wa Chambo

Hapo ndipo jodari wako alipoanza kuharibika, kabla hajaiona mashine. Jodari, kibua, nguru, hao wanataka barafu tangu dakika ya kwanza. Mtoboe damu itoke, mtoe matumbo na matamvua hukohuko, mjaze barafu tumboni na umfunike kwa barafu iliyosagwa. Ndoo na gunia ni za mwindaji wa chambo.

Huo weusi unaopita ubavuni mwa mnofu wa jodari, ile nyama ya damu, ndiyo inayochacha mwanzo. Mimi naikata yote kabla ya kumgandisha.

#17 Mwana wa Maabara

Mzee amegusa jambo zito na ninaongezea upande wangu. Samaki hao aliowataja wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini kwenye nyama. Mtu akila uso unawaka, kichwa kinagonga, ngozi inavimba vipele, wengine wanaharisha. Histamini ikishakuwepo haiondoki kwa kugandishwa, haiondoki kwa kupikwa, na mashine ya vakyumu haifanyi lolote. Kinga ni barafu mapema.

Na anayetaka kula samaki mbichi: mwongozo wa FDA (mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani) kwa ajili ya kuua minyoo ni nyuzi −20 kwa siku 7 kamili. Friza nyingi za nyumbani zinaishia −18, kwa hiyo pima kwa kipimajoto kabla ya kuamini.

#18 Nyavu Mbili

Nimesoma mara mbili. Kumbe nilikuwa natafuta mashine wakati tatizo limeanzia kwenye ndoo. Nitanunua sanduku la barafu kwanza.

#19 Bila Mashine

Kwa walio kama mimi wasio na mashine, msikate tamaa. Kuna njia mbili ninazotumia miaka yote.

Mojawapo: mfuko mzito wenye zipu. Weka mnofu, acha zipu wazi kidogo kwenye kona, zamisha mfuko taratibu kwenye beseni la maji mpaka maji yakaribie kona ile. Maji yanausukuma mfuko ukabana nyama pande zote na hewa inatoka. Funga kona, toa. Si sawa na mashine, ila unaitoa hewa nyingi.

Nyingine naipenda zaidi kwa samaki wazima wenye miiba, ambao mashine inawashinda. Gandisha samaki mpaka awe jiwe. Mchovye kwenye maji yenye barafu, mtoe, mrudishe friza dakika chache, mchovye tena. Ukifanya mara tatu nne anavaa koti la barafu, na hewa haimfikii kabisa. Kinachokauka ni lile koti, nyama imo ndani salama. Baada ya miezi miwili tazama, ukiona limekonda mchovye upya.

#20 Mama Friza

Bila Mashine, nimekupenda. Na hizo mbili zinaweza kuoana: mvishe koti la barafu, kisha umfunge kwa mashine. Barafu inafunika ncha za miiba na mfuko unakaa laini. Changu wazima mimi nawafanya hivyo siku hizi.

Nyavu Mbili, kuna jambo nililisahau. Ulisema mifuko kumi na sita kwa siku moja. Ilikuwa kilo ngapi, na friza yako lita ngapi?

#21 Nyavu Mbili

Kama kilo 14. Friza lita 200.

#22 Mama Friza

Ilizidiwa. Kipimo kinachofaa ni kama kilo 3 mpaka 4 na nusu kwa kila lita 100 ndani ya saa 24. Yako ni kilo 9 kwa siku, tena ni nyingi. Ukiirundikia 14, samaki anakaa muda mrefu kati ya nyuzi −1 na −5, na hapo ndipo barafu inajijenga vipande vikubwa vinavyopasua nyama kwa ndani. Ukija kumyeyusha anatoa maji mengi na anabaki kama sufi. Tandaza mifuko ikiwa bapa, mnofu mmoja mmoja, iguse ukuta wa friza, usiibebanishe mpaka igande iwe migumu. Kama una kitufe cha kugandisha haraka kiwashe siku moja kabla.

Na muda: kwa nyuzi −18, samaki weupe wasio na mafuta hukaa vizuri miezi 6 mpaka 8, wenye mafuta miezi 2 mpaka 3. Ukiwafunga bila hewa unasogeza mbele, lakini jodari mimi simpangii mwaka. Kwa wenye mafuta nachovya minofu sekunde 20 kwenye maji baridi yenye vitamini C ya unga, vijiko viwili vidogo kwa lita, kabla ya kugandisha. Inachelewesha kuchacha. Andika jina la samaki, uzito na tarehe juu ya mfuko ukiwa bado mtupu, kalamu haishiki kwenye mfuko wenye baridi.

#23 Nyavu Mbili

Wakuu, narudi kutoa mrejesho baada ya wiki kumi na moja.

Sikununua mashine mpya. Nilinunua sanduku la barafu na kipimajoto cha friza, ambacho kilionyesha −14. Nimeishusha mpaka −19. Safari iliyofuata samaki wote waliingia barafuni palepale majini, na nilifunga kilo 8 tu, nusu jioni ile, nusu kesho yake. Jumla mifuko kumi na miwili, mapezi yamekatwa, minofu imegandishwa kwanza kwenye trei.

Kesho yake nikaikagua yote kwa mkono. Mmoja ulikuwa umelegea. Nikautazama mshono: magamba. Gamba moja dogo limenasa katikati. Nikakata mdomo, nikaufuta, nikaziba upya chini yake, na ile nafasi ya sentimita 8 ndiyo iliyoniokoa.

Leo nimefungua jodari wa wiki kumi na moja, nimekata mfuko akiwa barafu kama nilivyofundishwa. Nyama haina baka, haina ile harufu. Mama watoto hakuambiwa ni wa lini, akauliza nimevua asubuhi hii? Nimefurahi sana, asanteni wote, na mzee wangu Mzee wa Chambo shikamoo.

Mifuko mingine kumi na mmoja bado imebana. Swali dogo tu limebaki: sponji ya mfuniko naiona imeanza kulala upande mmoja, na mashine inachukua muda mrefu kidogo kunyonya.

#24 Mzee wa Chambo

Marahaba kijana. Samaki akishika barafu mapema, mengine yote yanakuwa mepesi.

#25 fundi_pampu

Unaihifadhi mashine mfuniko ukiwa umefungwa kwa lachi (vile vibanio vya pembeni), sivyo? Sponji inabanwa miezi yote na inasahau umbo lake. Iweke lachi zikiwa wazi. Kwa sasa itoe sponji, ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikauke kabisa, kisha uirudishe ukiwa umeigeuza upande wa chini juu. Nyingi zinaamka. Isipoamka agiza nyingine, na pima urefu wa ile ya zamani kabla hujaitupa.